Kipima unyevu cha pini mbili: nilivyokitumia kwenye kuta za nyumba yangu Nkuhungu

Kama ukuta wa nyumba yako unabanduka rangi kuanzia chini na kila fundi anayepita ana jawabu lake, nunua kipima unyevu cha pini mbili kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Hayo ni maoni yangu baada ya kukaa na kifaa hiki msimu mzima wa mvua pamoja na kiangazi chake. Lakini ujue mapema unachonunua: kitakuonyesha maji yalipo, basi. Yanatoka wapi utatafuta mwenyewe, na ukizimeza namba zake bila kupima kwa njia nyingine, unaweza kubomoa ukuta ambao ulishakauka zamani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yangu iko Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, upande wa bondeni, kule ambako mvua kubwa ikinyesha maji yanatuama barabarani. Nimeijenga kwa mkopo, chumba baada ya chumba: msingi wa mawe, matofali ya saruji ya inchi sita, plasta, halafu rangi ya mafuta mpaka usawa wa kiuno ili watoto wasichafue. Baada ya mvua za El Nino za 2023/2024, ukuta wa nje wa chumba cha watoto ukaanza kuota malengelenge. Ukibonyeza lengelenge kwa kidole linapasuka na kumwaga unga mweupe, mlaini, na nyuma yake plasta imelegea kiasi kwamba inakwanguka kwa ukucha. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa ukuta huo. Nilikihamisha siku ileile, nikaanza kutafuta dawa.

Kila ninapolitaja jambo hili kuna anayenijibu kwamba Dodoma ni kukavu, unyevu ni shida ya watu wa Dar na Tanga. Ni kweli mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazipiti sana milimita 600 kwa mwaka. Ila ukavu huo ndio unaotumaliza. Jua na upepo wa huku vinayavuta maji kutoka ukutani kwa kasi, na maji yanapogeuka mvuke yanaiacha chumvi yote yaliyokuja nayo. Chumvi hiyo inaganda kuwa fuwele ndani ya vitundu vya plasta na nyuma ya rangi, na fuwele zinapokua zinasukuma kwa nguvu mpaka plasta inaachia. Kwa hiyo ukuta wa pwani unaota kuvu, wa kwetu unamomonyoka. Na chumvi tunayo ya kutosha. Ukipita Bahi kwa barabara ya kwenda Manyoni wakati wa kiangazi utaona ardhi imeota weupe, na maji yetu mengi ni ya visima: angalia ukoko ulioganda ndani ya birika lako. Maji hayohayo ndiyo tunayochanganyia zege.

Kifaa chenyewe niliagiza Kariakoo, kikaja kwa basi, shilingi 55,000 na nauli ya kifurushi juu yake. Kinaingia mfuko wa shati. Juu kina pini mbili za chuma zenye ncha kali, zimeachana kama upana wa kidole, na kifuniko cha plastiki cha kuzikinga. Ndani ya kifuniko kuna vibati viwili. Ukizigusisha pini hapo, kioo kinatakiwa kusoma namba iliyotajwa kwenye karatasi ya maelekezo. Hiyo ndiyo njia ya kujua kama ni kizima, na nashauri uifanye mbele ya muuzaji. Betri ni ile ya mraba ya volti 9. Kina mizani miwili: wa mbao, unaosoma asilimia 5 hadi 40, na wa vifaa vya ujenzi, unaosoma 0.2 hadi 2.0. Kibonyezo cha kuhamisha mizani ni kidogo na mtu anaweza kukibonyeza bila kujua, kwa hiyo kila ukianza kupima hakikisha kioo kinaonyesha alama ya ukuta, siyo ya mti. Nitaeleza mbele kwa nini nasisitiza hili.

Kinavyofanya kazi ni rahisi. Unachoma pini ukutani, kifaa kinapitisha umeme mdogo sana kutoka pini moja kwenda nyingine, kinaangalia umeme umepita kwa shida kiasi gani. Ukuta mkavu unauzuia, ukuta wenye maji unaupitisha. Namba inayotokea inatokana na hesabu hiyo. Sasa hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu chumvi nayo inarahisisha umeme kupita. Ukuta uliojaa chumvi na wenye unyevu kidogo tu unaweza kusoma sawa na ukuta unaotiririka. Kwa mtu wa Dodoma hili si la kupita haraka, maana karibu kila ukuta ulioharibika huku una chumvi.

Nilianza kwa kupima ukuta ambao nina uhakika ni mkavu, ule wa katikati ya nyumba kati ya sebule na chumba changu. Ukasoma 0.3, juu mpaka chini. Hiyo ndiyo nikaifanya namba yangu ya kulinganishia. Halafu nikachukua chaki na rula ya ubao, nikachora mistari kwenye ukuta wa watoto kila sentimita 20 kwenda juu na kila nusu mita kwenda pembeni, nikachoma kila makutano na kuandika namba pale pale ukutani. Kazi hiyo ilinifundisha kuliko maneno ya mtu yeyote. Karibu na sakafu kioo kilisoma 1.9 na 2.0, usawa wa goti 1.6, usawa wa kiuno 1.1, kifuani 0.4. Na ilikuwa hivyo kwa urefu wa ukuta mzima, mkanda ulionyooka. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakaa hivyo: unashika chini, unapungua kadiri unavyopanda, na mara nyingi hauvuki sana mita moja.

Kwenye korido, ukuta unaopakana na bafu, picha ilikuwa nyingine kabisa. Chini kabisa 0.5. Usawa wa bomba la kuogea 1.8. Juu yake kidogo 1.2, pembeni 0.7, kisha 0.3. Ni doa, lenye kitovu. Kwa macho kuta hizo mbili zilifanana, rangi imevimba na kubanduka, na kila aliyeziangalia alisema ni tatizo moja. Namba zilipoandikwa kwa chaki hata mwanangu wa darasa la sita aliona kwamba ni matatizo mawili. Kwa uwezo huu peke yake naipa mashine hii nyota nne kati ya tano, na sijutii shilingi niliyotoa.

Kabla ya kuinunua nilikuwa nimeita kampuni moja inayotangaza ukaguzi wa unyevu bure. Nitaueleza ukaguzi huo kwa sababu watu wengi wanapita njia hiyo. Kijana alikuja nadhifu, ana kipima chake kizuri kuliko changu, akagusa kuta kama nne hivi kwa dakika chache, akaniambia, "Mama, hapa una maji asilimia 38, nyumba iko kwenye hali mbaya." Jioni nikatumiwa hesabu: kutoboa matundu kuzunguka nyumba nzima, kuingiza dawa ya kuzuia maji kupanda, kisha rangi ya kuzuia maji ndani kote. Bei yake ilikaribia gharama ya kuezeka. Hakuuliza bomba la bafuni liko ukuta gani. Hakuzunguka nje.

Nilipopata kifaa changu nikahamishia kwenye mizani ya mbao na kuchoma ukuta uleule. Thelathini na nane. Yule kijana alikuwa anapima tofali la saruji kwa mizani ya mti. Asilimia ya mizani ule ina maana ya kweli kwenye mbao tu. Ukutani inafaa kulinganisha sehemu na sehemu, haifai kusomwa kama kiasi cha maji. Na asilimia 38 ya uzito haiwezekani kabisa: chukua tofali la saruji, litumbukize kwenye pipa usiku kucha, asubuhi lipime, halitakuwa limekunywa hata nusu ya kiasi hicho. Sisemi dawa ya kuingiza kwenye matundu ni ya uongo. Ni dawa inayojulikana, inawekwa kwenye mstari wa udongo wa kujengea karibu na chini, na kwa nyumba ya zamani isiyo na kizuizi chochote cha unyevu inaweza kusaidia. Kosa ni kuiuza kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Huduma ile naipa nyota moja, na ningeomba mtu yeyote anayeletewa hesabu ya namna hiyo aulize swali hili kwanza: umepima kwa mizani gani?

Baada ya namba za chaki nikafanya vipimo vya bei nafuu, na hivi ndivyo ningependa kila mwenye nyumba avijue.

Cha kwanza ni foili ya jikoni. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, futa unga wote ukutani, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na mwanya, kiache saa 24 hadi 48. Ukikuta matone nyuma ya foili, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Chumba cha watoto kililowa nyuma. Jikoni, ambako nilidhani nako pameharibika, foili ililowa mbele: ni mvuke wa masufuria na nguo tulizokuwa tukianika ndani wakati wa mvua. Jikoni nilipaponya kwa kufungua dirisha na kuhamisha kamba ya nguo.

Cha pili ni mita ya maji. Funga bomba zote za nyumba, na muhimu zaidi, funga koki inayoingiza maji kwenye tanki, la sivyo tanki likiwa linajaa mita itazunguka na utamsingizia ukuta. Halafu kaa uangalie kile kigurudumu kidogo chekundu. Changu kilikuwa kinasogea polepole, kinasimama, kinasogea. Nilimwita fundi bomba, akafuata kitovu cha namba zangu za chaki, akapasua kipande cha ukuta kisichozidi ukubwa wa sahani. Kiungio cha kona cha bomba la kuogea kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na tone lilikuwa linajikusanya kwenye ufa huo, linanenepa, linashuka, lingine linaanza. Akakata, akaunga kipya. Huo ukawa mwisho wa ukuta wa korido.

Cha tatu ni jembe. Nilimwita mzee mmoja fundi ujenzi wa Chang'ombe ambaye jirani yangu anamwamini. Alipofika hakuingia ndani. Alizunguka nyumba nje, akasimama nyuma ya chumba cha watoto, akaniuliza, "Mwalimu, hizi pevingi mliweka lini?"

"Baada ya kujenga geti, mzee."

"Ardhi mliipandisha?"

Tuliipandisha, kwa kifusi, ili maji ya barabarani yasiingie. Akang'oa tofali chache za pevingi na kuchimba kando ya ukuta. Nailoni ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanaiita DPC, ilikuwepo, imetandikwa vizuri juu ya msingi kama inavyotakiwa. Ila ilikuwa imefukiwa. Udongo ulikuwa umepanda juu yake kiganja kizima, umelala moja kwa moja kwenye tofali, na pevingi zenyewe zilikuwa na mteremko unaorudi ukutani. Nailoni hiyo inatakiwa ibaki angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Ikifukiwa, maji yanaipita kwa pembeni kana kwamba haipo. Mzee alishika bonge la udongo ule, akalifinya, likatoa maji, na hapo ilikuwa tayari tumeingia Mei.

Dawa yote ya kuingiza kwenye matundu isingefanya kitu hapo.

Kazi aliyoifanya ilikuwa ndefu kuliko ya gharama. Aliondoa ukanda wa pevingi kando ya ukuta, akashusha ardhi mpaka chini ya nailoni, akajaza kokoto, akageuza mteremko uelekee mtaroni. Akanishauri nifunge mifereji kwenye bati, maji ya paa yaende kwenye tanki, kwa sababu maji yanayodondoka kutoka kwenye bati yanachimba na kurusha matope ukutani. Ndani alibandua plasta yote iliyoharibika na kuendelea nusu mita juu ya alama ya mwisho ya chumvi. Tofali zikabaki uchi. Kifusi cha plasta kikatolewa nje ya uwanja, maana kimejaa chumvi na ukikirundika kando ya nyumba mvua itairudisha.

Halafu akasema tusubiri. Nikauliza mpaka lini. "Mpaka ukuta useme wenyewe." Aliyekuwa akisema kwa niaba ya ukuta ni kile kifaa changu, na hapa ndipo thamani yake nyingine ilipoonekana. Nilikuwa napima sehemu zilezile, naandika kwenye daftari. Lakini uso wa tofali ulikuwa na chumvi, kwa hiyo namba za juu juu sikuziamini. Nikatoboa matundu mawili yaliyoachana sawa na pini, nikaingiza misumari miwili ya zege karibu sentimita tano, shingo zake nimezivisha plastiki ili ncha tu ziguse tofali na chumvi ya usoni isiingie kwenye kipimo, nikawa nagusisha pini kwenye vichwa vya misumari. Kipima kikasoma unyevu wa ndani. Mwezi wa Juni uso ulisoma 1.7 na ndani 1.8. Agosti uso 1.5 na ndani 0.8. Septemba uso bado 1.4, ndani 0.4. Mtu anayepima uso peke yake angesema ukuta haujakauka hata kidogo. Ulikuwa umekauka, kilichobaki ni chumvi. Kwa mantiki hiyohiyo, ukikuta ndani kunasoma zaidi ya uso muda wote wa kiangazi, maji bado yanaingia, tafuta chanzo.

Kwa kuwa ni nyumba yangu na afya ya mtoto, nilitaka uhakika ambao hauhusiani na umeme. Nina oveni ya kuokea keki yenye kipima joto. Nikatoboa tofali kwa drili ya mwendo wa polepole, kwa sababu ikizunguka kwa kasi inachemka na kufukuza maji, nikakusanya unga kwenye kifuko na kukifunga hapo hapo. Mwezi Juni unga ulikuwa gramu 52. Nikaukausha kwenye joto la nyuzi 105 mpaka uzito ukaacha kushuka: gramu 49. Tofauti ni 3, gawanya kwa 49, zidisha kwa 100, unapata asilimia 6 na ushee. Unga wa ukuta mkavu wa katikati ulitoa asilimia 1. Septemba ukuta wa watoto nao ulikuwa umeshuka karibu na hapo. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na vifaa vyake ni mizani ndogo ya kidijitali na subira. Usikifanye kwa jipsamu, kwa kuwa jipsamu ina maji yake ya asili ambayo joto hilo linayatoa, na utapata namba kubwa isiyohusu unyevu.

Plasta mpya nusura ituletee ugomvi. Fundi mwingine aliyepita alitaka tupige plasta kali, saruji moja kwa mchanga tatu, yenye dawa ya kuzuia maji. Mzee alikataa. Alitumia saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, na mchanga aliuchagua wa mto usio na ladha ya chumvi. Aliuonja kwa ulimi mbele yangu, akatema, akasema huu unafaa. Plasta yenye chokaa ni laini na inapumua, unyevu mdogo uliobaki unatoka bila kuisukuma. Plasta kali inaufungia, na maji yaliyofungiwa yanatafuta njia ya kupanda juu zaidi. Nimeona jambo hilo nyumba ya pili kutoka kwangu: walipiga plasta kali mpaka mita moja, na sasa rangi inabanduka mita moja na nusu.

Chumvi iliyotokeza tena juu ya plasta mpya wiki za mwanzo tuliisugua kwa brashi kavu na kuizoa. Usiioshe. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani kusubiri jua lingine.

Kuhusu rangi ya kuzuia maji, zile ndoo zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Majengo hadi Sabasaba, nina msimamo. Nje, kwenye ukuta mkavu unaopigwa na mvua ya upepo, inafaa, na nimeipaka ukuta wa mashariki nikaridhika. Ndani, juu ya ukuta wenye maji, inaleta madhara. Inapendeza miezi michache, kisha inavimba na kuanguka na kipande cha plasta mgongoni. Rangi ya mafuta niliyokuwa nimepaka chumba cha watoto ilifanya hivyo hivyo. Sasa nimepaka rangi ya maji ya kawaida, baada ya kuiacha plasta ikomae zaidi ya wiki nne, na kama itachafuka nitapaka tena.

Nyuma ya kabati la nguo la chumba hicho tulikuta madoa meusi ya kuvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na unahusisha hali hiyo na dalili za upumuaji pamoja na pumu. Kwa hiyo mwenye mtoto wa pumu asione ni jambo la urembo. Nilisafisha kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, madirisha wazi, barakoa usoni, watoto wakiwa kwa bibi yao. Klorini usiichanganye na siki wala sabuni ya choo yenye asidi, inatoa gesi mbaya. Kabati sasa limekaa mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono.

Nirudi kwenye kifaa na kasoro zake. Pini zinaacha vitundu viwili vidogo, kwa hiyo kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya utasita. Ni nyembamba na zinapinda ukilazimisha kwenye saruji ngumu. Zangu zimeshapinda, nikazinyoosha kwa koleo, na pini za akiba hazikuja kwenye boksi. Kioo hakina mwanga wa kutosha nyuma ya kabati. Kinajizima haraka kabla hujamaliza kuandika. Na usichome karibu na soketi au swichi, wala kwenye njia ya waya inayoshuka kutoka darini, hata kama umezima taa. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya karatasi ya maelekezo: haina hata mstari mmoja kuhusu chumvi, wakati mnunuzi wa Dodoma, Singida au Manyoni hilo ndilo la kwanza anatakiwa kuambiwa.

Majirani wameshakiazima sana. Huwa nawapa pamoja na chaki, na sharti moja, kwamba wapime kwanza ukuta mkavu wa nyumba yao kabla ya ule ulioharibika, ili wawe na namba ya kulinganishia. Jirani mmoja amegundua kwamba ukuta wake hauna shida yoyote inayotoka chini: namba zinaanza juu, chini ya bati, palipo na msumari uliolegea.

Kwangu umebaki ukuta wa stoo, upande wenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji muda mrefu. Pale tumechimba na kuweka kokoto, mifereji ipo, na bado misumari inasoma 0.9 ndani dhidi ya 1.4 usoni. Inashuka, ila polepole. Mzee anataka kuupiga plasta kabla mvua hazijaanza ili amalize kazi yake. Nimemwambia tofali zitakaa uchi hadi kiangazi kijacho ikibidi, na magunia ya mahindi nimeyahamishia sebuleni.